Nguchiro Aliyerudisha Mayai

Mwaka jana kazi ilinipeleka Rubwera kwa wiki moja. Mchana mmoja, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilirudi ofisini kuchukua mwavuli nikamkuta kijana wa masjala ameinamia simu yake, vidole gumba vikikimbizana juu ya kioo. Nilipochungulia begani kwake, nilimwona mnyama ninayemfahamu. Viatu vya mpira vyekundu, kitambaa cha njano shingoni, mkia umesimama kama mpini wa jembe. Ni yeye kabisa.

"Shikamoo, mama," kijana alisema, huku akiitumbukiza simu mfukoni.

"Marahaba. Itoe tu, mimi si mkuu wako. Unacheza ya ngapi?"

"Ya ngapi kivipi, mama?"

"Huyo nguchiro. Kuna ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka huko mlikofika. Wewe uko ya ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma risala. Kisha akanieleza, kwa upole wa kijana anayemwelekeza mzee, kwamba gemu hiyo ni mambo ya kisasa, imeanza juzi juzi tu na hizi simu za kugusa, na pengine nimeifananisha na kitu kingine. Nilivuta kiti nikaketi. Kuna mambo mengi duniani nisiyoyajua, lakini hilo si mojawapo.

Nilimsimulia nusu, kwa sababu watu walirudi na kazi ikaendelea. Wewe nakusimulia yote.

Mimi nililelewa na bibi yangu, kijijini Kibingo, kwenye kibanja cha migomba na mibuni kilichoteremka taratibu mpaka bondeni. Asubuhi zetu zilianza na moshi. Bibi alikuwa anawasha moto kabla jogoo hajamaliza, na harufu ya kuni mbichi ndiyo iliyotutoa kitandani. Halafu maji kutoka kisimani, halafu kufagia uani, halafu kuanika kahawa kwenye mikeka na kuifukuzia kuku. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyoacha harufu yake ndani ya chakula. Msimu wa mvua za mwisho wa mwaka senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka, kijiji kizima kilikimbia majanini na ndoo, wakubwa kwa watoto, na bibi aliwakaanga wakatoa mlio kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nikuambie ukweli, sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na nimekula mahotelini.

Pale senta palikuwa na maduka machache yaliyotazamana. Moja lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Pangani. Alikuwa na pikapu, akinunua maharage na kahawa vijijini. Mkewe, ambaye sisi sote tulimwita mama wa dukani, ndiye aliyeuza dukani. Nyumbani tulizungumza Kinyambo, na Kiswahili tulikipata shuleni, kigumu kama viatu vipya. Chake kilitiririka. Tulipokwenda kununua chumvi tulikawia makusudi ili tumsikilize akigombana na mumewe, kwa sababu hata matusi yake yalikuwa na vina. Alikuwa mnene, mcheshi, hodari wa kukaanga vitumbua, na hakuwa amejaliwa mtoto. Jambo hilo watu walilisemea chini chini. Yeye mwenyewe alilisema waziwazi: "Mungu kaninyima wa kwangu, kanipa wa kijiji kizima. Haya, nani hajanawa mikono?"

Huyo ndiye aliyeleta gemu Kibingo, katika miaka ya mwanzo ya tisini. Mdogo wake aliyekuwa akifanya biashara Dar es Salaam alimtumia zawadi ya mashine ndogo ya plastiki, iliyoandikwa herufi za mbali ambazo hata mwalimu hakuzijua. Ilikuja na pedi mbili za kushikia na kaseti moja nene kama kipande cha sabuni. Mwenye duka alikuwa na televisheni ndogo nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, ya kutazamia habari za nchi jirani siku mawimbi yakikubali. Mama wa dukani aliihamishia chumba cha nyuma, kwenye magunia ya maharage, akaunganisha waya mmoja na mwingine, akabonyeza, na muziki ukatoka.

Kwanza tulibishana kuhusu mnyama. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, na kwetu hakukuwa na rangi. Rangi za viatu vyake tulizijua kwa kutazama karatasi iliyobandikwa kwenye kaseti. Wengine walisema ni kicheche, wengine panya buku, na mwanafunzi mmoja wa darasa la saba, aliyejiona amesoma, alisema ni mnyama wa Ulaya asiye na jina la Kiswahili. Ubishi ulikwisha siku bibi yangu alipokuja kunitafuta na bakora. Alisimama mlangoni, akasahau bakora, akakaza macho kwenye kioo.

"Huyo ni nguchiro," alisema. "Namjua. Ndiye anayekula mayai yangu."

Tukacheka mpaka tukalia, kwa sababu mayai ndiyo yaliyokuwa kisa chenyewe. Katika gemu, tai mmoja mkubwa ameiba mayai ya ndege wote wa msituni akayaficha, na huyu mnyama mwenye viatu anakimbia, anaruka mashimo, anapanda miti, anayakusanya moja moja na kuyarudisha. Bibi tulipomweleza alikataa kabisa.

"Nguchiro arudishe mayai? Aliyetengeneza kitu hicho hajawahi kufuga kuku."

Lakini jina lilibaki. Kutoka siku hiyo akawa Nguchiro, na hata leo jina lake halisi siwezi kulitamka bila kuona nimekosea.

Kucheza kulikuwa na kiingilio, na kiingilio chenyewe kilikuwa kazi. Mama wa dukani alimwaga maharage kwenye jamvi, nasi tukachambua. Kokoto huku, yaliyoliwa na wadudu huku, mazima kwenye gunia. Ukimaliza sinia lako, unapanga mstari. Basi chumba kile kilikuwa na sauti mbili daima, maharage yakianguka kwenye sinia na Nguchiro akiruka, na mpaka sasa nikisikia mtu anachambua maharage vidole vyangu vinatafuta pedi. Wazazi walipokuja kulalamika kwamba watoto wanapotezwa, walitukuta tunafanya kazi, wakarudi wamenyamaza. Mama wa dukani alikuwa na akili.

Gemu ya kwanza ilikuwa ngumu bila huruma. Ulipewa roho tatu. Zikiisha, unaanza upya kutoka mti wa kwanza, hata kama ulikuwa umemwona tai kwa macho yako. Haikuhifadhi chochote. Kwa hiyo vichwa vyetu ndivyo vilivyohifadhi. Tulijua kila shimo lilipo, kila nyuki atatokea wapi. Aliyekuwa akicheza alipokaribia daraja lililooza, chumba kizima kilisema kwa pamoja, "Mpora, mpora," yaani polepole kwa Kinyambo, na mama wa dukani naye alilijifunza neno hilo akalisema kwa lafudhi yake ya Pangani. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuimaliza. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, duka halina wateja, yeye amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Tai alipoanguka, alirusha pedi juu akatukumbatia sote kwa mpigo, na alinukia iliki.

Baadaye ikaja kaseti ya pili, na hapo ndipo anapoingia rafiki yangu.

Alikuwa binti wa jirani yetu, kibanja chao na chetu vikigawanywa na mstari wa mimea tu. Babu yake alivuka mto Kagera zamani kutoka Rwanda na watoto wake, na mmoja wa watoto hao ndiye baba yake, ambaye sasa alikuwa mkulima mwenye ndevu za mvi, asiyekosa kanisani Jumapili, mkimya, asiyependa mchezo. Rafiki yangu alizaliwa Kibingo kama mimi. Tulisoma darasa moja, tukachota maji kisima kimoja, na tuligombana kila wiki. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na vidole vyake havikuwa na woga. Mimi nilikuwa mzito wa mikono lakini sisahau kitu.

Kaseti ya pili iliwafaa watu kama sisi. Watengenezaji walikuwa wamemwongezea Nguchiro dada. Pedi ya kwanza ilimwendesha kaka, ya pili ikamwendesha dada, mkawa wawili kwenye kioo kwa wakati mmoja. Dada aliruka juu zaidi, kaka alikuwa na nguvu za kusukuma. Kulikuwa na maji sasa, mapango, na mahali pa barafu ambapo tuliteleza tukafa mpaka tukajifunza. Na mwishoni kulikuwa na mnara. Mnara ule ulikuwa na lango ambalo mmoja alilishikilia lisishuke huku mwenzake akipanda. Ukicheza peke yako, hufiki. Ndugu wa tumbo moja walijaribu, majirani walijaribu, mwenye duka na mkewe walijaribu wakanuniana siku mbili. Hakuna aliyepita.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumekaribia kuliko wengine wote. Yeye alikuwa dada, mimi kaka. "Shimo," ninamwambia. "Nyuki. Subiri. Sasa." Naye anaruka bila kuuliza. Lakini kabla hatujamaliza mnara, ama roho ziliisha, ama betri. Betri ikichoka, picha ilijikunja kutoka pembeni, ikabaki ndogo kama kitabu, halafu kama sanduku la kiberiti, halafu giza. Basi tukarudi kwenye maharage.

Hatukuwa na haraka. Tulidhani tuna miaka.

Katikati ya miaka ile ya tisini, wewe unakumbuka, barabara zetu zilijaa watu. Wengine walikuja wakikimbia kutoka Rwanda, na wengine, wa zamani kama jirani yetu, walianza kusikia redioni kwamba sasa wanaweza kurudi. Jirani alikuwa akisikiliza redio yake uani kila jioni, ameinamisha kichwa. Siku moja rafiki yangu alikuja kisimani. Alijaza dumu lake, akalifunga, akakaa juu yake.

"Tunahama," alisema.

"Mnahamia wapi?"

"Baba anasema nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema mimi sijui."

Wangeondoka maharage yakishavunwa, na maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani. Baba yake alimkataza kwenda senta. Kulikuwa na kazi za kufunga mizigo, kuuza mbuzi, kuwagawia watu vitu visivyobebeka, na tena alisema huu si wakati wa kuchezea vioo. Nikabaki naenda dukani peke yangu. Pedi ya pili ilikaa juu ya gunia, na nikimpa mwingine nilikasirika naye kwa kila alichofanya. Mama wa dukani alinitazama siku mbili tatu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mnara ule una wenyewe. Nenda kamwombe baba yake."

"Ananitisha."

"Basi nenda na mtu asiyemtisha yeye."

Nilijua anamsema nani. Bibi yangu hakuwahi kuupenda mchezo ule. Alikuwa bado na kesi na nguchiro. Nilimkuta anamenya ndizi, nikakaa chini nikachukua kisu, nikamenya naye mpaka nusu ya chungu bila kusema. Nilipomaliza kueleza, aliuliza swali moja tu.

"Huo mnara, mkipanda, ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho, bibi."

Alijipangusa mikono, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akachukua mkungu mdogo wa ndizi tamu, tukavuka mstari wa mimea.

Jirani alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku. Alisimama upesi, akampa bibi kiti, akamwamkia kwa heshima zote. Wakaulizana habari za mashamba na mvua mpaka nikadhani bibi amesahau. Kisha akasema, "Jirani, nimekuja kumwomba mtoto."

"Mtoto gani, mama?"

"Huyu wako. Nataka aje senta Jumamosi, akamalize kitu walichokianza na huyu wangu."

"Mama, ni mchezo."

"Ni mchezo. Sikatai. Lakini wewe ulipokuja hapa ulikuwa mdogo kuliko hawa. Nakumbuka. Ulikaa pale kwenye kisiki ukilia, tukakuuliza unalilia nini, tukidhani utasema nyumba, utasema ng'ombe. Ulisema umeacha gurudumu la mti ulilokuwa unachonga, hujalimaliza."

Jirani alitazama kamba mikononi mwake. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni. 

"Bado nalikumbuka," baba yake alisema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Lilikuwa limebaki kutobolewa katikati."

"Basi," bibi alisema, akainuka.

Jumamosi ile sitaisahau. Ilikuwa siku ya gulio, na habari zilikuwa zimeenea kuliko tulivyotaka. Chumba cha nyuma kilijaa, dirisha likajaa vichwa, na wasioona waliambiwa na wanaoona. Bibi alipewa gunia zuri la kukalia, mbele kabisa. Jirani alikuja pia, akasimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa, ingawa ilikuwa kuukuu. Mama wa dukani alitupangusa viganja kwa khanga yake. "Msikimbie," alisema. "Kimbieni pale tu penye haja."

Tukaanza. Nakuambia bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, hatukuwahi kucheza vile. Msitu tuliupita kama watu wanaokwenda kisimani. Mapangoni tulipoteza roho moja, yangu. Kwenye barafu rafiki yangu aliruka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuruka, akanitazama pembeni akatabasamu, na watu wa dirishani wakapiga kelele hadi nje gulioni watu wakadhani kuna mwizi. Tukafika mnarani mchana ukiwa bado mweupe, roho zetu zipo.

Na picha ikaanza kujikunja.

"Betri!" mtu alisema, na chumba kizima kikaguna. Tukizima tu, tumerudi mwanzo, na hapakuwa na Jumamosi nyingine. Rafiki yangu aliishusha pedi magotini.

"Msiache," mama wa dukani alituambia, halafu akapaza sauti kumwita mumewe. "Wewe! Leta gari hapa dirishani!"

"Nakwenda Kihanga, kuna mzigo unanisubiri!"

"Kihanga haihami! Leta gari, acha injini inanguruma!"

Kuna mambo ambayo mume mwenye busara habishani. Tulisikia pikapu ikirudi kinyumenyume, watu wakisogea, kuku akikimbia. Mwenye duka aliingiza nyaya mbili dirishani, zikapokelewa na mikono ya watu mpaka zikafika kwa mkewe, naye akazishika kwenye ncha za betri yetu bila kuizima, amepiga magoti, uso umekunjamana. Picha ilicheza, ikafifia, kisha ikafunguka polepole mpaka pembe zote nne. Hakuna aliyeshangilia. Waliogopa kuishtua.

Nikashikilia lango. Hiyo ndiyo kazi yangu pekee iliyobaki, kulishikilia na kumwambia yeye yaliyoko juu. "Mshale kushoto. Subiri. Sasa. Popo wawili. Sasa. Jiwe la tatu linaanguka, usikae." Alipanda. Nje injini inanguruma, ndani harufu ya mafuta imechanganyika na vitumbua, na sauti ya mama wa dukani chini yetu, "Mpora, wanangu, mpora." Rafiki yangu aliruka mara ya mwisho, akamkanyaga tai kichwani, na mnara ukaanza kubomoka wenyewe.

Kelele zilizotokea hapo siwezi kukuandikia. Bibi yangu alisimama juu ya gunia.

Kisha watu wakanyamaza, kwa sababu gemu ilikuwa inaendelea bila sisi. Ndege walitoka mnarani kundi zima, kila mmoja na yai lake, wakaruka juu ya mahali pote tulipopita, barafu, mapango, maji, msitu, mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, kwao, walikoibiwa. Wakatua. Nguchiro na dada yake wakawa wamekaa chini ya mti wanatazama juu. Muziki ulikuwa wa polepole.

"Na kiota chao," sauti ilisema mlangoni. Ilikuwa ya jirani. Alikuwa amesogea mbele bila watu kumwona. "Wamekikuta bado kipo?"

 Wakubwa walitazamana. Mama wa dukani, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na nyaya mikononi, aligeuza uso.

"Kipo, baba," alisema. "Si unakiona mwenyewe?"

Jirani alikitazama kioo kwa muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake, akamshika bintiye begani, na mkono wake ukabaki pale hata walipokuwa wakitoka.

Waliondoka wiki iliyofuata asubuhi, kwa pikapu ya mwenye duka mpaka Kihanga, ambako lori lilikuwa linawangoja pamoja na familia nyingine. Bibi aliwapa ndizi za njiani. Mimi na rafiki yangu hatukujua watu huagana vipi, tukasimama tunachorachora ardhi kwa vidole vya miguu.

"Ya tatu ikija, utacheza na nani?" aliniuliza.

"Sijui."

"Usimpe yule wa darasa la saba. Anaruka mapema."

Akapanda juu ya mizigo. Hakulia, na mimi sikulia mpaka pikapu ilipopotea kwenye migomba.

Kaseti ya tatu ilikuja mwaka mwingine. Ilikuwa nzuri, siwezi kuidharau. Nguchiro alikuwa amejifunza kuelea hewani kwa kitambaa chake, na kulikuwa na mji mzima wa kupita juu ya mapaa. Lakini tulipoiwasha, pedi ya pili haikufanya kazi. Tulipuliza matundu, tukabadilisha waya, tukaipiga piga. Mashine haikuwa na kosa. Watengenezaji walikuwa wamemwondoa dada. Hawakusema amekwenda wapi, hawakusema ameolewa wala amekufa. Mama wa dukani alikasirika kuliko sisi. "Hata kumtaja?" alisema. "Mtu ameokoa msitu, hata kumtaja?" Tuliimaliza ile ya tatu mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake, na chumba kilikuwa na nafasi ya kutosha kunyoosha miguu.

Baadaye mwenye duka alizidiwa na kifua, wakarudi Pangani kwa ndugu zao. Mama wa dukani aligawa vitu vyake kama mtu anayegawa sadaka. Mimi alinipa sinia. Mashine alikwenda nayo, na alinitumia salamu mara kadhaa kwa watu wa malori, mpaka salamu zikakoma. Bibi yangu alizikwa kwenye kibanja chake, karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Duka lile sasa ni bohari la saruji. Rafiki yangu niliwahi kumpata kwa simu, miaka mingi baadaye. Ana watoto wakubwa, na Kiswahili chake kimepinda kwa kukosa wa kuongea naye. Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kufika kwenye kile kijiji. Alisema alifika. Nyumba haikuwapo, lakini alijenga pale pale, akaishi, akafa mzee.

Ya nne niliicheza Mwanza, nikiwa chuoni. Ilikuwa imebadilika kila kitu. Nguchiro sasa alikuwa mnene kama kinyago, unaweza kumzunguka ukamwona mgongo, na dunia yake ilikwenda mbele, nyuma, kila upande. Wiki za kwanza nilimwangusha tu, sikujua hata shimo liko wapi. Lakini mimi sisahau kitu, na sikubali kushindwa. Mwenzangu wa chuo aliniachia mashine yake likizo nzima, na Jumapili moja mchana, chumbani kwangu kwa kupanga, nilimmaliza tai wa mwisho. Taa za rangi zilijaa ukutani, ndege wakatoka makundi kwa makundi, muziki ukapanda. Nilikuwa nimesimama tayari, mikono juu, napiga kelele peke yangu.

Mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, akaniomba nipunguze sauti.

Nikapunguza.